Fungu Lisilochaguliwa na Mtu: Torati ya kila juma na wasomaji wa kandokando ya Ziwa

Mkoani Mara vitabu vya Musa husomwa siku mbili zinazofuatana. Jumamosi asubuhi, kuanzia Majita hadi Bunda mjini, Wasabato hukaa katika madarasa yao, lesoni mkononi, wakijadili mafungu waliyokuwa wakiyasoma nyumbani tangu Sabato iliyopita. Jumapili ni zamu ya Wakatoliki wa Jimbo la Musoma, ambao somo lao la kwanza mara nyingine hutoka Mwanzo, Kutoka au Kumbukumbu la Torati. Katika makanisa mengi ya Kipentekoste mhubiri hufungua Biblia pale alipoongozwa kufungua. Njia hizi zinatofautiana kwa mengi, ila zinafanana kwa hili: yupo mtu, au ipo kamati, iliyokaa ikaamua lipi lisomwe na lipi lipitwe. Wayahudi, ambao kitabu kilianzia kwao, waliamua zamani kwamba uamuzi huo usiwe wa mtu yeyote. Wanaanza Mwanzo 1, wanamaliza Kumbukumbu la Torati 34, hawaruki neno, na siku ile ile wanayomaliza wanaanza upya. Fungu la kila juma huitwa parasha. Yapo 54, kwa sababu mwaka wa Kiyahudi hufuata mwezi na kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezewa mwezi mzima. Mwaka ukiwa mfupi, baadhi ya mafungu huunganishwa mawili mawili kwa Sabato moja. Msomaji wa Kiislamu atakumbuka juzuu 30 za msahafu na jinsi zinavyogawanywa kwa siku za Ramadhani.

Anayetaka kuielewa parasha kwa kawaida huelekezwa kwenye maana ya maneno yake: aya hii inafundisha nini, rabi fulani alisema nini. Hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Maneno ya Torati yamo katika kila Biblia ya Kiswahili iliyoko kabatini Musoma, na hayajatufanya sisi kuwa Wayahudi. Kinachoifanya parasha iwe kitu cha pekee ni ule utaratibu wa kutochaguliwa, na nia yangu ni kuonyesha, kwa ushahidi wa historia, kwamba utaratibu huo ulibuniwa kumnyima mwenye mamlaka nafasi ya kuficha sheria, na kwamba mahali ulipokosekana, hata kandokando ya Ziwa letu, sehemu kubwa ya Torati imelala usingizi.

Agizo la kwanza la usomaji wa hadhara limo ndani ya Torati yenyewe. Kumbukumbu la Torati 31 inaamuru sheria isomwe mbele ya Israeli wote kila baada ya miaka saba, sikukuu ya vibanda, wakiwapo wanaume, wanawake, watoto na mgeni aliye malangoni. Miaka saba ni mingi. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya usomaji mmoja, usomaji unaofuata humkuta anachunga. Nehemia 8 inasimulia tukio la karne ya 5 kabla ya Kristo, pale Ezra aliposimama juu ya jukwaa la mbao mbele ya Lango la Maji mjini Yerusalemu, akasoma tangu mapambazuko hadi adhuhuri huku Walawi wakiwafafanulia watu, na watu wakaangua kilio. Wafasiri wameeleza kilio kile kwa namna nyingi. Mimi naona kina sababu iliyo wazi. Watu wale walikuwa wakisikia masharti ya agano ambalo waliambiwa kwamba baba zao walihamishwa kwa kulivunja, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuyasikia.

Mapokeo ya marabi humpa Ezra huyo huyo sifa ya kuamuru Torati isomwe pia Jumatatu, Alhamisi na Sabato alasiri. Mwanahistoria ana haki ya kutilia shaka sifa wanazorundikiwa wakuu wa kale, lakini sababu ya kuchagua siku hizo mbili za katikati ya juma haina shaka. Mishna, sheria za mdomo zilizokusanywa karibu mwaka 200, inazitaja Jumatatu na Alhamisi kuwa siku ambazo watu wa vijijini waliingia mjini na mahakama ziliketi. Mtu wa Mara hahitaji maelezo zaidi. Siku ya mnada watu hushuka na mifugo, deni hulipwa, ugomvi wa mpaka wa shamba husuluhishwa pembeni chini ya mti, na mwenye tangazo hapati siku bora kuliko hiyo. Torati ilipelekwa mnadani. Haikusubiri watu waifuate hekaluni, na jambo hilo linaeleza kwa nini hekalu lilipochomwa na Warumi mwaka 70 usomaji haukufa pamoja nalo.

Ushahidi ulio imara zaidi ni wa karne ya kwanza. Yosefo, mwanahistoria Myahudi aliyeandika kwa Kigiriki, anajivunia mbele ya wasomaji wake kwamba watu wake huacha kazi kila juma wakakusanyika kusikiliza sheria, ili asiwepo wa kujitetea kwa kutoijua. Mwaka 1913 lilichimbuliwa Yerusalemu jiwe lenye maandishi ya Kigiriki ya mtu aitwaye Theodotos, kuhani na mkuu wa sinagogi, likieleza kwamba jengo lilijengwa kwa ajili ya kusoma sheria na kufundisha amri. Wageni wa mbali walitengewa vyumba na maji. Wasomaji wa Agano Jipya wanalo neno la Yakobo katika Matendo 15:21, kwamba tangu vizazi vya kale Musa husomwa katika masinagogi kila Sabato. Kama wakati huo tayari walisoma kwa mfululizo, hilo halithibitiki kutokana na maandishi haya. Mishna ndiyo inayolithibitisha, maana inataja Sabato nne za pekee zenye masomo yake, kisha inaagiza kwamba Sabato ya tano warudi kwenye mpangilio. Huwezi kurudi kwenye mpangilio usiokuwapo.

Kanuni zilizouzunguka usomaji huo zinaonyesha nia yake kuliko hotuba yoyote. Siku ya Sabato huitwa watu saba kwa zamu, na kila mmoja hapungukiwi na aya tatu. Usomaji ukagawanywa, usiwe mali ya koo za kikuhani. Wasikilizaji walipokuwa hawaelewi tena Kiebrania vizuri, aliwekwa mkalimani wa kuwatafsiria kwa Kiaramu, na mkalimani huyo akabanwa. Alisomewa aya moja tu kwa wakati, asije akasahau akaongeza ya kwake. Hakuruhusiwa kutazama maandishi wakati akitafsiri, ili watu wasidhani kwamba maneno yake yameandikwa ndani ya Torati. Msomaji naye haruhusiwi kusoma kwa kichwa. Lazima macho yawe kwenye gombo. Wale waliozoea ibada za vijijini, ambako mhubiri husema Kiswahili na mwenzake akakigeuza kuwa Kijita au Kizanaki, wanajua jinsi mahubiri ya dakika tano yanavyoweza kutoka kwa mkalimani yakiwa ya dakika kumi. Marabi walilijua hilo miaka 1,800 iliyopita wakaliwekea uzio.

Kwa muda mrefu hapakuwa na mzunguko mmoja. Wayahudi wa Palestina waligawa Torati katika vipande vidogo, zaidi ya 140, wakaimaliza kwa karibu miaka mitatu au zaidi, na miji haikulingana. Wayahudi wa Babeli waliimaliza kwa mwaka. Katika karne ya 12 msafiri Benyamini wa Tudela alizikuta mila zote mbili Kairo, masinagogi mawili katika mji mmoja, moja likisoma kwa mwaka na jingine kwa miaka mitatu, na akaandika kwamba siku ya kushangilia Torati waliungana kusali pamoja. Rabi Maimonide, aliyeishi Kairo hiyo hiyo, aliandika kwamba mila iliyoenea kwa Israeli wote ni ya mwaka mmoja, na kwamba wapo wanaomaliza kwa miaka mitatu lakini si desturi iliyoenea. Ya mwaka ikashinda. Wengi huona ushindi huo kuwa wa Babeli dhidi ya Palestina tu, wa chuo chenye nguvu dhidi ya chuo kilichodhoofika, na ni kweli kwa sehemu. Lakini mzunguko wa mwaka una faida ambayo ule mwingine hauwezi kuitoa: kila kijiji kilisoma fungu lile lile Sabato ile ile. Mfanyabiashara aliyetoka Yemen akaingia Kairo alijua asubuhi atakuta nini kinasomwa, na kama sinagogi la ugenini lingeruka kitu, angekuwa wa kwanza kugundua.

Sasa tulitazame fungu moja kwa karibu. Mishpatim, yaani Kutoka 21 hadi 24, husomwa Januari au Februari na lina aya 118. Sabato iliyotangulia husomwa habari za mlima Sinai: ngurumo, baragumu, moshi, Amri Kumi. Msikilizaji hutoka nje akiwa na tetemeko la Sinai kifuani. Juma moja baadaye anarudi, na anasomewa habari za mtumwa wa miaka sita, shimo lililoachwa wazi, moto uliovuka kwenda shamba la jirani, na ng'ombe. Ng'ombe wamejaa humo. Ng'ombe wa mtu akimpiga pembe ng'ombe wa mwenzake akafa, yule aliye hai atauzwa na fedha igawanywe, na mzoga nao ugawanywe; ila ikiwa ilijulikana kwamba ana tabia hiyo tangu zamani na mwenyewe hakumzuia, atalipa ng'ombe kwa ng'ombe na kubaki na mzoga. Ukimkuta ng'ombe wa adui yako amepotea, mrudishe. Katika nchi ambayo damu imemwagika kwa ajili ya mifugo, kati ya ukoo na ukoo, kizazi baada ya kizazi, sijui ni hubiri gani lingekaribia uzito wa aya hiyo moja.

Mwizi wa ng'ombe aliyemchinja au kumuuza hulipa watano kwa mmoja; wa kondoo, wanne kwa mmoja. Kwa nini tofauti? Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inahifadhi majibu mawili. Rabi Meir anasema: ona jinsi kazi ilivyo na thamani, kwa maana ng'ombe ameondolewa kwenye kazi yake, na kondoo hana kazi. Mkulima wa pamba wa Bunda aliyeibiwa maksai wa plau mvua zikiwa zimeanza hatamuuliza Rabi Meir swali la pili. Yohanani ben Zakai anatoa jibu lingine: ona jinsi heshima ya mwanadamu ilivyo na thamani, kwa maana ng'ombe alitembea kwa miguu yake, lakini kondoo mwizi alimbeba mabegani, akajifedhehesha, na fedheha ile imehesabiwa katika adhabu yake. Ni mwizi huyo anayezungumziwa, mtu aliyevizia zizi usiku. Sheria imehesabu aibu yake na kumpunguzia mnyama mmoja. Mafundisho haya mawili yasingezaliwa kama mtu angepewa ruhusa ya kuliruka fungu la ng'ombe kwa kuona kwamba halina mambo ya kiroho.

Na marabi walijua kwamba kishawishi cha kuruka kipo. Rashi wa Troyes, aliyefariki mwaka 1105, anafungua ufafanuzi wake wa Mishpatim kwa kusisitiza kwamba kiunganishi kinacholianza fungu kinalifunga na yaliyotangulia: kama Amri Kumi zilitoka Sinai, na sheria hizi zimetoka Sinai. Talmudi inakumbuka kwamba hekaluni Amri Kumi zilisomwa kila siku, na kwamba walipotaka kuifanya desturi hiyo mahali pengine ilizuiwa, kwa sababu walikuwapo waliodai kwamba ni hizo tu zilizotolewa na Mungu. Maimonide alipoulizwa kuhusu watu wanaosimama zinaposomwa Amri Kumi na kuketi kwa yaliyobaki, alijibu kwamba desturi hiyo ikomeshwe, watu wasije wakaamini kwamba Torati ina daraja. Masinagogi mengi hayakumsikiliza na yanasimama hadi leo. Lakini mwelekeo uko wazi: mbele ya gombo, mlima na ng'ombe ni sawa.

Linganisha na masomo ya Jumapili. Marekebisho yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1969, yaliwapa Wakatoliki mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C, wenye Agano la Kale kwa wingi kuliko ilivyokuwa kabla. Ni kazi ya heshima, na imewafungulia waumini wa kawaida vitabu ambavyo babu zao hawakuvisikia. Katika mzunguko huo Kutoka 22 husikika Dominika ya 30 ya Mwaka A: aya saba, za mgeni, mjane, yatima, na maskini aliyeweka vazi lake rehani. Zimechaguliwa ili zilingane na Injili ya siku hiyo, juu ya amri iliyo kuu. Ni chaguo zuri, na ng'ombe hayumo. Mkristo anayehudhuria misa kila Jumapili Butiama kwa maisha yake yote hatamsikia mwizi wa kondoo akihesabiwa aibu. Watafsiri pia huchagua. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Kizanaki na kushiriki kutafsiri katekisimu baada ya kuacha kazi Pugu mwaka 1955, alipokuja kutunga tenzi za Maandiko uzeeni alizitunga juu ya Injili na Matendo ya Mitume. Moyo wake ulikuwa huko, na hakuna wa kumlaumu.

Wasabato wanastahili kutazamwa peke yao, kwa sababu juu juu wao ndio wanaofanana na Wayahudi zaidi. Wamisionari wao walifika Upare mwaka 1903, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wamekwisha kufungua vituo mashariki ya Ziwa, Majita, Busegwe na Ikizu. Desturi ya lesoni ilianza Marekani mwaka 1852, na leo darasa la Musoma na darasa la Brazil husoma somo moja kwa Sabato moja, 13 kwa robo, jambo ambalo Myahudi wa Kairo wa karne ya 12 angelitambua mara moja. Tofauti ni kwamba lesoni hufuata mada. Robo ya tatu ya mwaka 2025 ilihusu Kutoka. Iliyofuata ilihusu Yoshua. Na Kutoka itarudi wahusika watakapoona vema. Matokeo yake yanaonekana hata mwaloni Mwigobero. Kila Msabato wa Musoma, hata mtoto, anajua kwamba kambare haliwi, kwa kuwa hana magamba, kama ilivyo Mambo ya Walawi 11, na kwamba sato hana tatizo. Sura hiyo ilichaguliwa, ikafundishwa, ikaishi mpaka ikaingia jikoni. Sura za jirani zake, za upele wa kuta za nyumba na mizani ya haki, hazikubahatika. Andiko lililochaguliwa hujulikana sana, na andiko lisilochaguliwa hubaki karatasini hata kwa watu wanaoamini kwa dhati kwamba lote ni neno la Mungu.

Historia ya upande wa pili wa Ziwa inatupa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Biblia nzima ya Kiganda ilipatikana mwaka 1896. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda akitarajia ufalme asiopewa, aliisoma mwenyewe. Alijiunga kwanza na Wamalaki, madhehebu yaliyopinga dawa za hospitali na kuiadhimisha Jumamosi. Halafu akataka tohara, kwa sababu Mwanzo 17 inaiagiza. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwambia hayo ni mambo ya Wayahudi, naye akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akajitenga pamoja na wafuasi wake karibu na Mbale, na jumuiya ikaitwa Abayudaya. Mpaka hapo hakuwa na tofauti kubwa na yeyote kati ya wengi waliosoma Biblia wakaanzisha dini: alikuwa mtu mmoja mwenye nguvu, akichagua aya. Mwaka 1920 ulikuja msaada wa ajabu kidogo, Myahudi mfanyabiashara anayekumbukwa kwa jina la Yosef, aliyekaa nao miezi kadhaa akawafundisha kalenda, sikukuu, sala na uchinjaji. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kitabu cha kanuni na sala kwa Kiganda. Alifariki mwaka 1928. Wamalaki, waliowahi kufikia makumi ya maelfu, walififia, Abayudaya wapo.

Hapa mpinzani atasema nimevuta kamba kuelekea kwangu. Wamalaki hawakufifia kwa kukosa mzunguko wa masomo. Serikali ya kikoloni iliwahamisha viongozi wao walipopinga hatua za kuzuia tauni. Na Abayudaya hawakuokolewa na kalenda, kwa kuwa Idi Amin alipopiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970 wengi wao waligeukia Ukristo au Uislamu, na jumuiya iliyokuwa ya maelfu ikabaki na watu karibu 300. Nakubali yote mawili. Uhusiano wa ukoo na ardhi ya vilima vya Mbale ulifanya kazi ambayo kitabu peke yake kisingeifanya. Lakini swali ni nini walichoshika wale 300. Jemadari alikuwa amekufa miaka 40 na zaidi, masinagogi yamechukuliwa, hakuna rabi, hakuna gombo. Walichokuwa nacho ni Biblia ya Kiganda iliyopigwa chapa na siku zilizohesabiwa. Dini iliyotegemea uteuzi wa kiongozi hufa kiongozi akifa. Iliyotegemea tarehe hujiendesha.

Tarehe zenyewe wakati mwingine zina ukali wake. Vita aliyoiamuru Nyerere, mtu wa Butiama, iliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na Amin akaanguka. Jioni ya siku hiyo ilikuwa mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi. Fungu la asubuhi iliyofuata, kama lilivyokuwa limepangwa karne nyingi kabla ya kuwapo nchi iitwayo Uganda, lilikuwa Kutoka 12, usiku wa kuondoka Misri. Mhubiri yeyote angeweza kulichagua andiko hilo siku ile, na wasikilizaji wangeona ustadi wake. Kwa kuwa hakuna aliyelichagua, hapakuwa na ustadi wa kusifu wala siasa ya kushuku.

Pingamizi zito zaidi ni la mchungaji mwenye kundi. Kijiji kimefiwa na wavuvi watano kwa dhoruba moja. Sabato inayofuata kalenda inataka kusoma vipimo vya hema ya kukutania. Je, si ukatili kuwasomea wafiwa hesabu ya mapazia? Mwenye kuchagua angefungua Zaburi, na angefanya vema. Jibu la mapokeo ya Kiyahudi ni kwamba mahali pa kuchagua pamebaki. Baada ya Torati husomwa sehemu ya manabii, haftara, na hiyo wahenga waliichagua: kwa Mishpatim yenye sheria ya kumwachilia mtumwa waliweka Yeremia 34, ambapo Mfalme Sedekia na wakuu wake waliwaachilia watumwa kisha wakawarudisha utumwani. Zaburi zipo, sala zipo, hotuba ipo. Uteuzi umeruhusiwa kuizunguka Torati, haukuruhusiwa kuigusa. Nadhani mchungaji anapoteza kidogo na kundi linapata zaidi, kwa sababu siku ambayo kijiji hakijafiwa bali mzee wake mmoja amekula fedha za ushirika, mchungaji huyo huyo, kwa hekima au kwa hofu, atajua namna ya kutochagua andiko la rushwa. Mishpatim ina katazo la rushwa, Kutoka 23:8, na halimsubiri mtu awe jasiri.

Wapo pia watakaosema kwamba usomaji usiochaguliwa haumfungi mfafanuzi, na kwamba anayesoma ng'ombe anaweza kuhubiri habari za sadaka. Ni kweli, na vitabu vya mahubiri ya Kiyahudi vimejaa mifano ya ustadi huo. Ila wasikilizaji wake wana deni la nyumbani: Talmudi inamtaka kila mtu amalize fungu pamoja na jamii, mara mbili kwa Kiebrania na mara moja kwa tafsiri. Mhubiri anasimama mbele ya watu waliokwisha kusoma. Wasabato wanaofika darasani na lesoni iliyosomwa tangu Jumapili wanaijua nguvu hiyo, na walimu wa madarasa wanaijua zaidi.

Dosari ambayo sioni namna ya kuitetea ni ya wanawake. Talmudi inakiri kwamba wote wanaweza kuhesabiwa miongoni mwa wale saba, hata mwanamke, kisha inamzuia kwa ajili ya heshima ya kusanyiko. Kumbukumbu la Torati 31 iliwataja wanawake kati ya wasikilizaji. Kwa karne nyingi hawakuwa kati ya wasomaji. Utaratibu uliovunja ukiritimba wa makuhani ulijenga mwingine. Abayudaya wenyewe wamegawanyika katika hilo. Nabugoye, kilima cha Gershom Sizomu, aliyepewa urabi Los Angeles mwaka 2008 na kuchaguliwa mbunge mwaka 2016, wanawake huitwa kwenye gombo sawa na wanaume. Putti, kijiji kinachofuata mila ya Kiorthodoksi, hawaitwi. Pande hizo mbili zimebishana kuhusu uongofu, marabi wa kigeni na nani ni Myahudi wa kweli, na ubishi huo haujaisha. Sabato ya Mishpatim, pande zote mbili husoma habari za ng'ombe.